Mataji Matatu, Saa ya Kufunga

Baba alivua kofia mlangoni, kama kanisani,
akaikung'uta theluji kwenye mkeka wa makumbusho,
nami nikalipa tikiti mbili: moja ya mtu mzima,
moja ya mzee, ambayo aliichukia.

Tulishuka chini ya kasri jipya
(jipya, na lina karne tatu)
tukalione kasri lililokufa.
Huku chini kuna baridi ya namna yake,
baridi iliyotangulia majira,
na ukuta wa kale, upana wake mita tano.
Baba akaupiga kofi
kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni
kabla ya kuuliza bei.

Ndani ya kioo, kasri dogo la mbao:
mnara wa duara, na kileleni mataji matatu
ya dhahabu, madogo kama vifungo vya shati.
Watoto wa shule wamekiganda kioo. Mwalimu anahesabu vichwa.
Mwezi wa tano, anasema, mchana kweupe,
dari likashika moto,
na ghorofani mfalme yumo jenezani
akingoja maziko. Wakambeba mbio.
Maktaba wakaitolea madirishani:
vitabu vikaruka vimefungua mbawa,
na kimoja, kizito kama mtu,
inasemekana kilimwangukia mpita njia.
Watoto wanacheka. Mnara ukazama na kengele zake,
sakafu baada ya sakafu,
hadi hapa. Hapa tuliposimama.

Moto huzaa jivu. Jivu nalo, naona,
huzaa makumbusho.

Baba hakucheka. Evert Sandelin,
miaka thelathini na mmoja zimamoto,
hakutazama taji wala mnara.
Alisimama penye kibao kidogo pembeni,
miwani juu ya paji, pua karibu na herufi.
Kinasimulia walinzi wawili wa moto.
Zamu ilikuwa yao.
Mmoja alikwenda kusikiliza mahubiri.
Wa pili alitumwa jikoni na mke wa mkuu wake,
na nani angemkatalia mke wa mkuu?
Adhabu: kupita mara saba
kati ya safu mbili za wanaume wenye fimbo,
kisha, kwa atakayebaki, ngome na kazi ngumu.

"Kaenda kanisani," Baba akasema.
Nikangoja. Baba hazungumzi;
Baba huvuja, tone moja moja.
"Mimi nilikwenda kununua sigara."

Mwaka gani? Sikuuliza. Nyumba ipi?
Mkono wake ulishika kamba ya kizuizi,
na kamba yote, nguzo kwa nguzo,
ikatetemeka mpaka mwisho wa chumba.
"Dakika saba, Gunvor. Hakuna aliyeniuliza.
Hakuna aliyenipiga hata fimbo moja."

Nilikuwa na methali mdomoni, ile ya ajali na kinga.
Nikaimeza. Haikuwa saizi yake.
Nikamshika kiwiko, koti, si ngozi;
sisi si watu wa kushikana.
Nyuma yetu, kabatini, vyungu vilivyochimbuliwa,
pengine vya jiko lilelile.
Jungu kuu, kweli, halikukosa ukoko:
mweusi, umeng'ang'ania, hakuna aliyeukwangua.

Saa kumi na moja mlinzi akapita,
mama mnene, beji yake inasema Elvy,
akizima taa chumba kwa chumba.
"Tunafunga," kwa upole.
Baba akavaa kofia. Akafika ngazini, akageuka,
akainua kidole juu ya mawe ya wafalme,
kwenye kijidude cheupe kinachonusa moshi.
"Taa yake haipepesi. Naiangalia tangu tulipoingia."

Elvy akacheka, akauona uso wake, akaacha.
Akaenda kutafuta ngazi na betri.
Baba akasema atangoja.

Tukangoja. Basi letu likapita huko juu, nikalisikia,
na la pili. Vidole vya miguu vikaniganda.
Kisha kijidude kikalia mara moja,
kikali, kikapasua ukimya wote ule wa mawe,
na taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama,
ikaanza kupepesa.

Baba akaihesabu. Midomo yake ilicheza
mpaka kumi.
"Haya," akasema. "Sasa twende."