Ijumaa Bado

Mashine ya kufyonza huja Ijumaa.
Leo Jumatatu, na upepo wa Tabora
umeshamwaga maua yote ya mjohoro bwawani.

Natanguliza wavu, polepole:
ukikurupuka, taka huzama,
na kilichozama si changu tena.

Kisha brashi, ngazini, kwenye kona
ambako ukijani huanza kama umbea:
leo utelezi tu, kesho mji mzima unajua.

Dawa naiweka jioni. Mchana jua huila yote.

Kikapu cha chujio: chura mmoja, hai, kanuna.
Kofia ya mtoto.
Nyuki.

Nyuki ndio wanaonishinda.
Kiangazi chote hutoka miomboni kuja kunywa,
klorini ikawalewesha, wakaelea chali.
Nyamizi, meneja, anasema: mwaga pamoja na majani.
Lakini madaftari yangu ya shule
yalinunuliwa kwa asali ya Sikonge,
debe kwa debe, kichwani kwa mama.

Basi nawapanga kwenye vigae vya moto
mmoja mmoja, wakauke mbawa.
Wengine huruka bila kuaga.
Jana mmoja alizinduka, akanidunga kidole.

Nikasimama kando ya maji
nikikifyonza,
na Ijumaa bado.