Linda

Kijana anaitwa Braulio, beji yake imekaa upande.
Simu nimeshailipia, peso laki mbili na elfu themanini na tisa,
jasho la zaidi ya wiki mbili za kumenya viazi
katika jiko la shule.
Sasa anataka kitu kingine.
"Na dhamana, mama? Elfu sita mia nne na tisini tu kwa mwezi."

Hilo "tu" nimelisikia.
Neno dogo, mfuko mkubwa.

Ajali haina kinga, ndivyo tujuavyo.
Huyu anayo. Ameichapa kwenye karatasi ya kung'aa
yenye msichana anayekichekea kioo kilichopasuka
kana kwamba kimemzalia pesa.

Nageuza risiti, naomba kalamu.
Miezi ishirini na minne:
laki moja, elfu hamsini na tano, mia saba na sitini.
Kisha, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa,
kila ikivunjika nitangulize elfu sitini.
Ikiibwa, hapana. Ikipotea, hapana.
Maji, itategemea.
"Maji gani?" namuuliza Braulio.
Anatazama dari. Hajawahi kuulizwa.

Kwa fundi Yerko, ghorofani juu ya duka la misumari,
kioo kipya ni elfu sabini na tano
na porojo za bure.

Hesabu imekwisha, basi. Ningeondoka.
Lakini kalamu ya watu bado iko mkononi.

Segundo aliikatia mashine ya kufulia dhamana ya miaka mitano.
Nilimcheka njia nzima hadi nyumbani.
Mashine haikukohoa hata siku moja.
Alikohoa yeye, kuanzia Machi,
na kufika Agosti nilikuwa nafua shuka zake
kwa mashine iliyolindwa kila nati.
Bado inazunguka.
Karatasi yake niliikuta kwenye droo ya soksi,
ilikuwa imebakiza miezi kumi na minane.

Na katika simu ya zamani,
ile iliyotumbukia juzi kwenye sufuria ya dengu,
kulikuwa na sekunde kumi na moja za sauti yake.
Ermelinda lilikuwa refu mno kinywani mwake, alichukua mkia tu:
"Linda, funga dirisha, upepo unakuja."

"Ningekuwa na dhamana," namwambia Braulio,
"na sauti mngeirudisha?"
"Simu tunarudisha, mama. Vilivyomo, hapana."
Alisema kwa upole. Sikumchukia.
Nilimrudishia kalamu yake.

Nje, Punta Arenas ilikuwa imeinama.
Siku kama hizo mji hufunga kamba kando ya barabara,
watu washike wasipeperushwe,
na hakuna anayekuuliza kama umelipia mwezi huu.
Nilishika kamba kwa mkono mmoja,
simu nikaikumbatia kwa mwingine,
ndani ya kifuko cha mpira cha elfu nne,
rangi ya chungwa lililooza, ndicho kilichokuwa rahisi.

Tangu hapo kila tarehe tano
naweka elfu sita mia nne na tisini katika kopo la maziwa ya unga.
Tu.

Mwezi wa saba ikaanguka kwenye vigae vya jiko.
Kifuko kiliruka huku, simu kule.
Ufa umeanzia pembeni kama mto, ukazaa vijito viwili.
Nikamwaga kopo mezani: elfu arobaini na tano, na vichele.
Kwa Yerko hazifiki.
Kwa Braulio pia zisingefika, nilijikumbusha,
nikajikumbusha tena usiku, kitandani,
maana hesabu sahihi nayo huuma.

Basi nasoma kwa kuruka ufa.
Jumapili mjukuu alipiga kutoka Osorno,
uso umekatika shavuni.
"Bibi, una kovu!"
"Kovu unalo wewe," nikamwambia.
Akacheka hadi picha ikaganda.

Sekunde zile kumi na moja nazisema mwenyewe sasa,
kwa sauti, nikiwa nimeshika komeo.
Sijui kama ndivyo alivyozitamka.
Dirisha nimefunga.