Sehemu ya Tisa

Waliniua mara moja, katika ile ya nne,
kwa shoka, mlangoni pa ghala, hata dakika ya kumi haijafika,
kwa kuwa wakala wangu aliomba nyongeza.
Sasa wamenifufua.
Mswada unaeleza kwa sentensi moja:
aliyekufa alikuwa pacha wake.
Sikuwahi kuwa na pacha. Nilikuwa na kodi ya nyumba.

Tunapiga picha nje ya Sofia, Bulgaria,
kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa
ambalo kwenye filamu litaitwa Nebraska.
Mabua yamechomekwa upya, moja moja, na vijana wa kijijini
wanaolipwa kwa siku na kupewa supu.
Ukungu unatoka kwenye mashine. Ule wa kweli,
unaoshuka mlimani kila alfajiri,
mwongozaji anasema hauaminiki.

Ana miaka ishirini na sita, mwongozaji.
Alizaliwa kati ya ile ya tano na ya sita.
Ananiletea kiti, ananiita malkia,
anayajua mayowe yangu yote kwa mpangilio
kama mtoto ajuavyo jedwali la kuzidisha.

Orville yuko kwenye kontena la vipodozi tangu saa tisa alasiri.
Tsvetelina anambandika uso: kovu la ile ya pili,
mshono wa ile ya saba, jicho lililopikwa na radi.
Chini ya mpira wote huo kuna mzee wa miaka sabini na moja,
goti la chuma, vidonge vya presha
katika kisanduku chenye vyumba saba.
Wamemchoma, wamemzamisha, wamemkata kichwa,
wamempeleka hata mwezini (ile ya sita, tusiiongelee).
Kila mara amerudi.
Mkewe hakurudi.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Miaka arobaini na moja ananifukuza,
na ninapojikwaa yeye ndiye hupunguza mwendo.
Jana usiku alivua glavu zake za makucha
akanivisha, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Kisha yowe.
"Kama zamani," kijana akasema. "Kama ile ya kwanza."
Katika ile ya kwanza nilikuwa nimekanyaga msumari.
Hakuna aliyejua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
viatu vya kuazima, na hofu ya kuwachelewesha watu.
Nikafungua mdomo.
Kilichotoka hakikuwa cha msichana.
Kilianzia kwenye korido ya hospitali, Omaha,
mashine ya kahawa ikinguruma,
daktari akikunja karatasi mara mbili, mara tatu.
Kilipokwisha, vijana wa mabua walikuwa wamevua kofia.
Mwongozaji akatazama skrini. Akasema vizuri, vizuri mno.
Akasema wataweka lile la zamani,
lipo, limehifadhiwa, limesafishwa.
Basi mtakaponiona, mdomo ni wangu.
Sauti ni ya yule binti na msumari wake.

Picha ya mwisho: nimemuua Orville kwa sepetu.
Amelala shimoni, tope ni la kweli.
Mkataba unataka kidole kimoja kitikisike,
cha shahada, mara moja, kabla ya giza;
huo ndio mlango wa ile ya kumi.
Kidole kikagoma. Baridi, na baridi yabisi.
Tukarudia mara nne. Mara sita. Mashariki kunapauka,
na jua halikuruhusiwa Nebraska.
"Samahani," likasema zimwi.

Tsvetelina akafunga uzi kwenye ukucha,
akatafuta wa kushika ncha ya pili,
mtu mdogo wa kujibanza nje ya picha.
Nikalala kifudifudi ukingoni mwa kaburi,
damu ya sukari ikinikaukia shingoni.
Uzi ulikuwa unatetemeka, sijui kwa mkono wangu au wake.
"Uko hai huko?" nikanong'ona.
"Vuta polepole," akasema.
Nikavuta.