Nusu Jumanne, Nusu Ijumaa

Saa mbili usiku simu inalia na hakuna anayenipigia.
Ni dawa.
Jumatatu kidonge kizima, rangi ya waridi.
Jumanne nusu. Kisha kizima, kizima,
Ijumaa nusu tena.
Nakikata juu ya kibao cha nyanya
kwa wembe ule ule nilioambiwa niuogope,
na nusu inayobaki naifunga kwenye karatasi ya majani chai
isichukuliwe na sisimizi,
ingawa sijui sisimizi mwenye damu nyepesi huwaje.

Ulianza mwezi wa kwanza, msimu wa sare,
kola arobaini mezani, wazazi mlangoni.
Moyo ukaruka mshono.
Ukaruka mwingine. Kisha ukawa
kuku aliyefungwa miguu kikapuni
akisikia gari la kwenda Busia linawashwa.
Nikadhani ni deni. Nikadhani ni chai kali.
Nikatazama mguu wangu juu ya kikanyagio:
umetulia. Cherehani haikuwa ikienda.
Ni mimi.

"Piga moyo konde, Mama Mideva," majirani wakasema.
Konde la nini? Huu unajipiga wenyewe,
na hata kupiga haujui.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi nashuka Kisumu, kliniki.
Kwenye benchi lile hatuulizani habari za nyumbani.
Tunaulizana, "Yako ngapi?"
"Mbili nukta nne," unasema, kidevu juu,
kama mtoto aliyepita hesabu.
"Moja nukta moja," unasema ukitazama viatu.
Bwana Ondijo wa Ahero alitazama viatu miezi miwili mfululizo.
"Ni mbolea au dawa," alituambia,
"na mpunga haungoji."
Aliporudi, bintiye amemshika kiwiko,
nusu ya mdomo wake ilikuwa imelala.
Tulimuuliza ngapi, kwa mazoea tu, kisha tukajuta.
Akainua vidole viwili,
akakunja cha tatu katikati.
Tukampigia makofi hadi nesi akatoka nje
kuona ni nani mkubwa amekuja.

Zamani sindano ikinidunga nalamba kidole, naendelea.
Siku hizi tone halitaki kwisha.
Kuna shati la mtoto wa darasa la nne
lililoondoka hapa na doa ndani ya kola;
nimelifunika kwa kitambaa chenye jina lake.
Atalivaa mwaka mzima asijue.
Tangu hapo sishoni bila kastabini.

Mama mkwe alikuwa hajanisamehe mrenda.
Nilimwambia, siyo kwamba siutaki, mama,
ila mboga za majani na hii dawa huvutana kamba;
siwezi kula sufuria leo na kesho nisionje,
ni kiasi kimoja, kila siku.
Truphosa akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.
"Katika ukoo huu hatujapimiana mboga."
Akabeba sufuria yake.
Wiki mbili hakukanyaga uani kwangu.

Kisha asubuhi moja, kizingitini,
kikombe cha bati kimefunikwa kwa kisahani:
mnavu uliolazwa kwenye maziwa,
umefika pale penye alama ya kutu.
Kesho yake tena, pale pale penye kutu.
Hajasema kitu. Nami sijasema.
Namrudishia kikombe kimeoshwa.

Usiku nikilalia ubavu wa kushoto nausikia:
twende, twende, twende,
ngoja,
twende.
Pale kwenye ngoja nami nangoja,
macho wazi, mkono shingoni,
jirani anakohoa, mbwa wa Asiligwa anabweka,
twende.

Kesho Ijumaa.
Wembe uko juu ya kabati.