Nukta Arobaini na Moja

Umeme ulirudi Rau saa tisa usiku wa Jumatatu,
friji la Mama Aikande likaanza kukoroma ukutani,
na faili likamalizia kushuka kwa bando la mwisho:
nukta arobaini na moja.
Hizo tu. Darubini ilikodoa jicho dakika thelathini na tatu
huko juu, nje ya hewa,
maana mionzi hii haitufikii;
hewa huimeza kabla haijaigusa hata theluji ya Kibo.

Nikazichambua kama mchele.
Tatu zilikuwa mawe, za kutoka popote.
Thelathini na nane zilipita mlango mmoja.

Mlango upi? Nikachora duara la mashaka.
Mtu aende hatua elfu moja kutoka mnara wa saa,
ageuke, ainue sarafu ya mia mbili:
ndani ya sarafu ile, nionavyo mimi nikiwa mnarani,
kuna kitu
ambacho Jumapili hakikuwepo.

Asubuhi nikamwonyesha Elinami wa chumba cha eksirei,
aliyekwisha kupiga vifua vya nusu ya Moshi.
Akainua simu yangu kwenye dirisha, kwa mazoea,
kana kwamba mwanga utapenya.
"Hafifu. Mgonjwa alitikisika?"
Nikamwambia mgonjwa yuko mbali,
miale ilimtoka kabla mgomba wa kwanza
haujapandwa mlima huu.
"Basi rudia."

Jumanne nikarudia: kumi na tisa.
Jumatano darubini ilikuwa na miadi kwingine.
Alhamisi: tatu.
Mawe matupu.

"Kwetu," alisema Elinami, akikaza kifungo cha koti,
"kivuli kikififia tunaandika amepona."
Mimi sikuwa na neno hilo.
Niliandika mahali, na kosa la mahali,
nguvu ya siku ya kwanza, kasi ya kufifia.
Penye sababu nikaweka kistari,
nikakifuta,
nikakirudisha.
Jina nililopewa nikipe ni tarakimu tupu,
halina hata irabu moja ya kumwitia mtoto.

Nikatuma. Mara Mama Aikande akagonga:
zamu yangu ya LUKU.
Tukasimama mbele ya mita, tochi ya simu kinywani mwangu,
yeye akinisomea, mimi nikibonyeza,
tarakimu ishirini, nne nne, polepole.
Ukikosea moja tu
huwashi kitu.