Lali Halali

Watoto wa Majengo wamemtungia kibwagizo,
wakimwona tu hupiga makofi: Lali halali! Lali halali!
Na kweli ndugu yangu halali.
Usiku hutoka Sega hadi Mwembe Tayari
akihesabu milango, akiigusa mmoja mmoja,
ahakikishe, yuwasema, sote tumefungiwa salama.

Mara ya kwanza walimvua champali,
mpya, nilizomnunulia Idi.
Mama akasema kazisahau mahali, mwamjua Lali.
Mara ya pili kitambulisho.
Miezi miwili baadaye simu yangu ikawa hainyamazi:
Lali kakopa, Lali kakopa tena,
Lali asiyejua kama leo ni Jumanne au Ijumaa
anadaiwa na kampuni tatu,
na kwa jina lake kuna laini inayotapeli watu Changamwe.

Mara ya tatu sikuambiwa.
Nilimkuta uani, adhana ya alfajiri bado,
akijimwagia ndoo ya nne,
nguo zake zote kazitia moto kwenye jiko la Mama.
Sikuuliza. Nilimpa kanga yangu ajifutie.
Hilo nalibeba mimi.

Mara ya nne walimpiga, wakachukua shilingi mia mbili
na redio. Nikafunga cherehani, nikampeleka kituoni.

Mlalamishi ni nani?
Ni huyu.
Afande akamtazama: midomo ikienda peke yake,
kidole kikizungusha kifungo cha shati, kikizungusha.
Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, naapa,
na hilo ndilo lililonichoma.
"Lali halali? Dada, basi na ushahidi wake si halali."
Akafunika kalamu.
Mwaka jana si alisema feri ya Likoni yamwita kwa jina?
Alisema. Siwezi kukana.

Miaka tisa sauti zake zilimwambia: wako nyuma yako.
Daktari wa Port Reitz akatufunza:
msibishane naye, msimkubalie, mpeni dawa.
Tukampa. Sauti zikashuka, kama redio ya jirani.
Ndipo wakaja, nyuma yake kweli,
wawili, wenye miguu, mmoja ananuka miraa.
Afadhali zile sauti.
Hazikuwahi kumtia mkono mfukoni.

Nao majirani huniomba nimfungie usiku.
Mwenye duka huficha kisu cha mkate akimwona.
Nisiseme uongo: siku moja alinisukuma,
nikajigonga kwenye beseni, jino likatoka.
Siku moja, katika miaka tisa. Alilia kunishinda.
Mniambie sasa, katika mtaa huu
nani amwogope nani.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.
Sisi tumeshika lile neno la kwanza tu.

Jana alikaa kizingitini nikipinda buibui la mteja,
akaanza kusema, taratibu, kama asomaye:
mlango wa kijani. Makomeo mawili, la juu limevunjika.
Wa kumi na saba ukihesabu toka kwa fundi saa.
Humo ndimo walimoingia na redio yangu.

Nikasimamisha gurudumu.
Nina daftari la vipimo, kifua, mkono, kiuno.
Nikafungua ukurasa mpya, nikatia tarehe,
nikaandika yote, neno kwa neno, akaweka dole gumba.
Kesho narudi nalo kituoni. Afande afunue kalamu,
au nitaketi hapo hadi aifunue.

Usiku akatoka tena.
Na ule wa kumi na saba, nikamwuliza, utaupita?
Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyepotewa na akili.
"Naugusa na huo," akasema.
"Yafaa nao wafungiwe salama.
Kuna wezi."