Taja Chuku Moja (Alama 2)

Darasa letu liko Huruma, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro, chini ya tangi linalovuja.
Nililisoma shairi kwa sauti, mara mbili,
nikikohoa vumbi la chaki kati ya beti:

    Panya kafunga mizigo, kasema sasa nahama,
    Sijaona hata figo, sembuse pande la nyama,
    Unga wenu ni kidogo, nikiula ni dhuluma,
    Kwaherini wenye nyumba, mkipata mtanita.

    Paka kampa mkono, akilia hadharani,
    Kasema, nina maono, tutakutana njiani,
    Nina kucha, nina meno, nasaga nini kinywani?
    Kwaherini wenye nyumba, mkipata mtatwita.

Darasa likapasuka.
Okwemba alianguka kutoka kwenye benchi, makusudi,
akainuka akiwa paka, akaupa mkono mguu wa meza.
Muuza magodoro akapaza sauti kutoka chini:
leo kuna harusi gani huko juu?

Kicheko hakifundishwi kikiwa moto. Nikaacha kipoe.
Kisha tukamfungua panya kama fundi afunguavyo redio.
Panya kusema: tashihisi.
Paka kumlilia panya: kinaya.
"Nasaga nini kinywani?" Balagha, swali lisilongoja jibu,
ingawa Okwemba alijibu, "Upepo, mwalimu!"
Mistari minne, tarbia. Mizani nane kwa nane,
hesabuni kwa vidole.
"Mtanita" badala ya "mtaniita": inkisari,
silabi imekatwa ili mstari utoshe.
"Kama mama na sukari," akasema mtu huko nyuma.
Wakacheka tena. Mimi pia.

Usiku nasahihisha. Stima imepotea Umoja nzima,
simu nimeilaza juu ya glasi imulike.
Mwongozo wangu unasema:
Chuku – panya kuhama kwa kukosa chakula.
Ujumbe – ugumu wa maisha.
Thelathini na wanane wameandika hivyo hivyo,
wawili kati yao wakaandika "chukuu".
Nimewasamehe; chuku ni kuvuta.

Karatasi ya mwisho ni ya Syombua,
mwandiko umeegemea kushoto kama mtu aliyechoka:

"Hakuna chuku. Kwetu walihama mwezi wa pili.
Tulikuwa tukiwasikia darini, halafu tukaacha kuwasikia.
Ndugu yangu mdogo aliuliza wameenda wapi.
Mama akasema kwa kina Wambura, wao wana duka.
Ujumbe: panya ana pa kwenda."

Nikaweka kalamu nyekundu chini.
Nikiandika sifuri, nimedanganya kwa wino.
Nikiandika mbili, Bwana Mwachofi wa idara
atagonga karatasi kwa ukucha: chuku iko wapi hapa, mwalimu?
Nikajaribu kumkumbuka siku ile, Syombua,
nikidhani nitamwona amenuna karibu na dirisha.
La. Ndiye aliyecheka kuliko wote,
hadi akajifuta macho kwa kola ya sweta.

Nimeandika mbili.
Glasi imepata joto, simu inakaribia kuzima.
Kwa mazoea tu, nikauhesabu mstari wake kwa vidole:
pa-nya-a-na-pa-kwe-nda.
Saba.
Imepungua moja, na sikuidai.